Umestaafu, unataka mazoezi na watu wa kufanya nao? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa wastaafu wenyewe, ila mengi kusema kweli yanatoka kwa watoto wao ambao wanamwona mzee kakaa sebuleni na rimoti toka asubuhi na hawajui waanzie wapi. Majibu ni ya Dar zaidi maana ndio tunapoishi, Zanzibar imo kidogo.

Nimestaafu juzi tu, sijawahi kufanya mazoezi maishani, naanzia wapi?

Kwanza sio kweli kwamba hujawahi. Ulikuwa unaamka saa kumi na moja, unatembea mpaka kituoni, unagombania daladala, unasimama njia nzima, unapanda ngazi za ofisi maana lifti mbovu, mchana unashuka kwenda kwa mama ntilie na jioni unarudia hayo hayo. Yote yalikuwa mazoezi, yamekatika siku moja, kwa walio wengi serikalini ukigonga 60 (au 55 kama umeamua mwenyewe). Kwahiyo anza kwa kurudisha kile kile: kutembea. Tafuta sehemu unayoweza kwenda kwa miguu kila siku na ukifika unakuta mtu wa kusalimiana nae, iwe sokoni, msikitini, kanisani, kwa muuza magazeti, popote. Dakika kumi kwenda kumi kurudi zinatosha kwa wiki za mwanzo. Raba usinunue ya bei mbaya, Karume na Ilala zipo za mtumba nzuri tu, cha muhimu soli isiwe imelika upande na kidole gumba kipate nafasi.

Mbona mnasisitiza sana watu? Mazoezi si ya mwili?

Ni ya mwili ndio. Lakini muulize mstaafu yeyote alichokimisi, atakwambia watu kabla hajakwambia mshahara (sawa, pengine mshahara kwanza, alafu watu). Chukua mfano wa SHIMIWI, ile michezo ya wizara na idara za serikali, au SHIMMUTA ya mashirika ya umma. Kule kuna netiboli, mpira, riadha, baiskeli, kuvuta kamba, mpaka karata, bao na drafti. Kuna mama alikuwa anavuta kamba ya wizara yake miaka na miaka, anajulikana, wapinzani wakimwona kashuka kwenye basi wanaguna. Kastaafu. Mwaka uliofuata timu imesafiri yeye yupo nyumbani anaangalia picha kwenye simu. Mikono yake haijapungua nguvu hata kidogo, ila kamba huwezi kuvuta peke yako.

Ndio maana ukimwambia mtu kama huyu "mama uwe unafanya mazoezi", ukamwachia hapo hapo, hafanyi, au atafanya siku tatu. Hata Shirika la Afya Duniani mwaka 2025 lilitoa ripoti kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na upweke huo unaenda na magonjwa ya moyo, kiharusi na akili kuchoka mapema. Sisi mtu akituuliza tumchagulie kikundi hatumwangalizii kocha wala uwanja. Tunamuuliza: ukikosa wiki mbili, nani pale atakupigia simu? Akikaa kimya hicho kikundi bado hajakipata.

Natakiwa dakika ngapi kwa wiki?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema dakika 150 mpaka 300 za shughuli ya wastani kwa wiki, hata kwa wa miaka 65 na kuendelea. Alafu mazoezi ya misuli angalau siku mbili, na ya kubalansi mwili na nguvu siku tatu au zaidi ili usianguke anguke. Hilo la kubalansi watu wanaliruka kweli kweli na ndilo linalowaokoa wazee nyonga.

Wastani ni nini? Tembea mwendo ambao kuongea unaweza lakini kuimba kunakushinda. Ukiweza kuimba ongeza mwendo, ukishindwa hata kuongea punguza. Na kulima bustani, kufua kwa mikono, kuchota maji vyote vinahesabika, usikubali kijana wa jimu akudharaulie jembe lako.

Nina presha na sukari, si hatari?

Hatari kubwa ni kukaa. Ila yapo ya kuzingatia na hapa tunaomba usome taratibu. Kabla hujaanza pima presha, ikiwa ya juu inafika 180 au ya chini inafika 110 usianze kwanza, nenda katibiwe ishuke ndio uje. Kama unatumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi sukari inaweza kushuka ghafla ukiwa barabarani, kwahiyo usije na njaa, weka pipi au kijisoda mfukoni, na mtu mmoja kwenye kikundi ajue una sukari (mmoja tu, si lazima uwatangazie wote). Unatumia dawa ya presha ile ya kukojoa? Kunywa maji, joto la Dar la Januari halina utani. Mwenye sukari akague nyayo jioni, malengelenge madogo ya raba mpya yameshakata vidole vya watu.

Kifua kikibana, pumzi ikikata bila sababu, kizunguzungu, mkono kufa ganzi: unasimama na unapelekwa hospitali, hamna cha "ngoja nimalizie raundi".

Magoti yanauma, daktari si atasema nipumzike?

Siku yamevimba na yana moto, pumzika. Siku nyingine zote misuli ya paja ikilegea goti ndio linabeba mzigo wote, linauma zaidi, unapumzika zaidi, inalegea zaidi, hivyo hivyo mpaka unaanza kwenda chooni kwa kushika ukuta. Zoezi letu ni la kiti: chukua kiti kigumu kisicho na mikono, kiegemeze ukutani kisiteleze, kaa, simama bila kushika kitu, kaa taratibu. Mara tano, pumzika, mara tano tena. Ukishindwa weka mto juu ya kiti, kiti kikipanda kazi inapungua. Watu wanatucheka wakisikia zoezi lenyewe ni kukaa na kusimama, alafu wakijaribu mara ya nane wanakaa kimya.

Naweza kujiunga na jogingi za mtaani za vijana?

Unaweza, karibu kila mtaa wa Temeke, Mbagala, Kinondoni una jogingi yake, tisheti za rangi, nyimbo, filimbi, wengine wana tarumbeta kabisa. Jumapili alfajiri ukisikia barabara inaimba ndio wenyewe. Raha yake huwezi kuifananisha na mtu kukimbia peke yake na visikizio masikioni.

Shida ipo kwenye mstari. Jogingi inaenda barabarani kwa mstari, mbele wapo wa miaka 25, na mzee anaanza katikati, baada ya kituo kimoja yupo nyuma, baada ya viwili yupo na mama mmoja na mtoto wa baiskeli, wimbo anausikia kwa mbali, na wakifika mwisho wenzake wameshapiga picha ya kikundi wanakunywa maji. Hakuna aliyemfukuza, ila wiki ijayo haji, na akiulizwa anasema mguu.

Dawa tuliyoiona inafanya kazi ni ndogo sana. Acha barabara, zunguka uwanja. Uwanja wa shule, wa mpira, wowote ulio wazi. Mkizunguka hakuna anayejulikana ni wa mwisho, anayekimbia atakupita mara nne na kila akikupita anakusalimia, "shikamoo mwalimu", "marahaba twende", yaani badala ya kuachwa unakutana na watu. Wote mnaanza pamoja, mnamaliza pamoja kwa muda na sio kwa umbali: dakika thelathini zikiisha filimbi inapigwa, kila mtu anasimama alipo. Kama lazima muende barabarani basi wekeni mtu wa kazi hiyo anayekaa nyuma kabisa na hamruhusiwi kupiga picha mpaka yeye afike. Awe kijana mwenye kasi, sio yule aliyechoka.

Na kupasha msiruke. Jaramba la dakika kumi, mabega, kiuno, vifundo vya miguu. Kurukaruka kwa kupiga makofi waachieni vijana.

Kwa Dar wapi pazuri kutembea?

Daraja la Tanzanite, lile la baharini lililofunguliwa 2022, ukitokea upande wa Coco Beach kwenda Aga Khan, lina njia ya waenda kwa miguu na asubuhi upepo ni wa bure. Coco yenyewe mchanga mgumu wakati maji yametoka. Mchanga laini hapana, vifundo vinateguka. Viwanja vya Mnazi Mmoja kwa wa katikati ya mji. Lakini pazuri kuliko pote ni karibu na kwako, maana pa kupanda daladala mbili utaenda mwezi mmoja.

Nimejenga nje ya mji, huku simjui mtu hata mmoja

Hili ndilo swali kubwa jamani na halina jibu fupi. Mtu kaishi Magomeni au nyumba za kota miaka thelathini, kila mtu anamjua, alafu mafao yanamkuta kajenga Chanika, Bunju, Kibaha au Goba ndani ndani huko. Nyumba nzuri, ukuta, geti, mbwa. Majirani nao wana ukuta, geti, mbwa, na wanatoka saa kumi na moja wanarudi saa tatu usiku. Mzee anakaa na mama, na mama akienda kwa binti aliyejifungua Mwanza mzee anabaki na mbwa.

Anza na serikali ya mtaa, nenda ofisini ujitambulishe, balozi wako akujue. Hudhuria misiba, tunajua inasikika vibaya kuiweka kwenye mambo ya mazoezi lakini mtaa mpya unaingilia msibani, unakaa kwenye mkeka unasikia nani mstaafu wa bandari, nani alikuwa nesi, nani alifundisha. Walimu wastaafu watafute kwa tochi, hao walishapeleka watoto UMITASHUMTA na UMISSETA, ile michezo ya shule za msingi na sekondari, filimbi wanayo mpaka leo kwenye droo, na kupanga watu kwenye mistari wamezaliwa nayo. Mkipatikana watatu mnatosha. Pangeni siku mbili za wiki na saa isiyobadilika, mkutane getini kwa mmoja na mtembee mpaka barabara kubwa na kurudi. Watu wakiwaona siku ya tano wanauliza nyie mnaendaga wapi, hapo kikundi kimeanza. Grupu la WhatsApp fungueni baadae na muwakumbuke wenye vitochi, vile visimu visivyo na WhatsApp: hao wapigiwe, maana tumeona mtu anatengwa na kikundi kizima kwasababu tu taarifa ya kubadili saa ilienda WhatsApp na yeye kasimama getini peke yake.

Sisi akina mama je? Mbona kila kitu ni cha wanaume

Mna haki ya kulalamika. Wanaume wastaafu wana kijiwe, wana kahawa, wana bonanza. Mama akistaafu mara nyingi anaanza kazi nyingine hapo hapo, analetewa wajukuu, na asubuhi ambayo wenzake wanatembea yeye anamvisha mtu yunifomu. Kwahiyo kikundi cha akina mama kiwekeni saa tatu, shule zikishameza watoto, au jioni saa kumi na moja, na mwenye mjukuu mdogo aje nae.

Mavazi: hamna sheria ya suruali. Dera na raba, baibui na raba, kanga kiunoni, twende. Kinachochekesha ni kwamba wengi wanaona aibu mazoezi ya "viungo" lakini wape mpira wa soksi wacheze rede kama zamani shuleni, utaona bibi wa miaka 66 anavyokwepa. Netiboli nayo wapo walioicheza vizuri tu, chezeni nusu uwanja, bila kuruka.

Na lipo moja ambalo halisemwi, tutalisema. Akina mama wengi waliozaa wakikimbia, wakicheka au wakipiga chafya mkojo unachuruzika. Hawasemi, wanaacha tu kuja, na watu wanadhani ni uvivu. Ni jambo la kawaida sana na lina zoezi lake: kaza misuli ya chini kama unayezuia mkojo, hesabu mpaka tano, achia, rudia mara kumi, asubuhi mchana na jioni, hata ukiwa umekaa kwenye daladala hakuna anayejua. Lipe miezi mitatu hivi kabla hujalikatia tamaa, na likizidi nenda kliniki. Viongozi wa vikundi, pitieni njia yenye choo. Hicho tu kitarudisha watu ambao hamkujua mliwapoteza kwa nini. Wanaume wenye tezi dume nao watawashukuru.

Bao na kahawa kijiweni si vinatosha kuwa na watu?

Kwa watu vinatosha sana. Nenda Jaws Corner pale Mji Mkongwe jioni uone wazee na kahawa chungu, dhumna zinagongwa, siasa inachambuliwa, huo ujamaa hakuna jimu inayouweza. Miguu ndio hainufaiki. Usiache baraza, nenda kwa miguu na urudi kwa njia ndefu, na mkiwa na moyo kabla ya mchezo wa kwanza simameni wote mara kumi kwenye kibaraza, anayekataa ananunua kashata.

Zanzibar wenzetu wanafanyaje?

Wanatuzidi. Vikundi vya mazoezi ya viungo viko kila shehia unayoitaja, na tarehe 1 Januari ni siku yao ya mazoezi kitaifa, vikundi vinatembea kwa maandamano mpaka Uwanja wa Amaan na viongozi wa nchi wanashiriki. Wazee wamo humo humo na vijana. Kule pia kuna Pensheni Jamii toka 2016 kwa kila aliyefika miaka 70, aliyeajiriwa na mkulima na mvuvi, ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Ndogo, lakini mtu mwenye chake kidogo hachelei kutoka nje. Na kina Welezo na Sebleni, nyumba za wazee, ukienda kuwatembelea usiende na sukari na sabuni tu, kaa, tembeeni nao uwanjani.

Mwezi wa Ramadhani?

Tembea ikibaki kama saa moja kufuturu, taratibu, au baada ya tarawehe. Mwenye sukari aongee na daktari kwanza.

Michango inatuua. Tisheti elfu ishirini, supu, safari

Tunajua, pensheni ya mwezi ina mwisho wake na ya kikokotoo, ile hesabu ya kupangia mafao, tusiyaanze hapa tutakesha. Msimamo wetu: tisheti isiwe sharti la kupanga mstari. Siku ya tisheti mpya yule asiyenayo anajiona toka mbali, anageuza njia. Kama mnaitaka sana, vaeni rangi moja ambayo kila mtu anayo ndani, nyeupe mfano. Supu kila mtu na yake au mwenye nacho alipe kimya kimya. Safari za mbio kama Kilimanjaro Marathon kule Moshi ni nzuri, kuna ya kilomita 5 ambayo unaweza kuitembea yote, ila wekeni kibubu mwaka mzima, msiwashtukize watu wiki mbili kabla.

Nani awe mwenyekiti?

Asiwe aliyekuwa mkurugenzi, atawaandikieni dokezo. Utani huo, ila sio sana. Zungusheni kila miezi mitatu, na mweka hazina asome hesabu kila mwezi kwa sauti hata kama ni elfu nane. Vikundi vingi havifi kwa magoti, vinafia kwenye hela ya kapu.

Bado naweza mpira?

Maveterani wengi wa bonanza ni vijana wa 35 wanaojiita wazee, na wanaingia miguu kweli. Waingereza kule Chesterfield mwaka 2011 walianzisha mpira wa kutembea, ukikimbia ni faulo, jaribuni, mnacheka mpaka mbavu. Na kama mnadhani ni wa wanaume tu, Limpopo Afrika Kusini kuna timu ya mabibi inaitwa Vakhegula Vakhegula, wanacheza mpira wenyewe kabisa.

Mwenzetu alipata kiharusi, anatembelea fimbo

Asibaki nyumbani. Wekeni viti vitatu vinne pembeni ya uwanja, afanye ya kukaa: kunyoosha goti, kunyanyua chupa ya maji, kupeleka mikono juu. Na mpeni filimbi na saa. Mwenye saa ndiye anayeamua lini mnapumzika, mtaona watu wanavyomfuata fuata.

Mzee wetu hataki kabisa kutoka, tumfanyeje?

Msimnunulie ile mashine ya kukimbilia, mtaanikia taulo. Msimhutubie pia, mtu aliyeongoza ofisi miaka yote hataki kuhutubiwa na mtoto aliyemlipia ada. Mwombeni msaada. "Mzee nisindikize nikaangalie ile mbao, nitapigwa bei", "baba mpeleke mjukuu shule kwa miguu, mimi nachelewa". Mtafuteni mmoja wa wale aliofanya nao kazi, aje amgongee geti yeye mwenyewe na sio kupiga simu, maana simuni atasema ana mafua. Asiyekula, asiyelala, aliyeacha hata kusikiliza taarifa ya habari, huyo mpelekeni hospitali kwanza, inaweza kuwa sonona na hiyo inatibika. Akishapata nafuu mje nae. Tunaanza saa kumi na mbili na nusu, na tukisema nusu ni nusu.